Mwanao anakwenda kibanda umiza? Tundika shuka uani

Mama mmoja wa Sindeni ameniandikia ujumbe mrefu kwa simu, nami nauleta kwenu kwa ufupi. Mtoto wake wa kiume yuko darasa la sita. Kila Jumamosi ikifika magharibi anaaga kwamba anakwenda kusoma kwa rafiki, kumbe yuko kibanda umiza kando ya barabara ya Korogwe na Handeni. Analipa shilingi mia mbili au mia tatu, anabanana kwenye benchi na watu wazima mpaka saa nne usiku. Mwanzoni alifuata mpira. Siku hizi anafuata filamu za mapigano zilizotafsiriwa, na ikishapita saa tatu, kwa maneno ya mama huyo, "wanabadilisha mkanda". Amemchapa, amemnyima hela, amemfungia chumbani. Mtoto anaruka dirisha. Baba yake ni dereva wa lori, siku nyingi yuko safarini. Swali la mwisho ndilo lililonifanya nikae niandike: "Niuze mbuzi wawili ninunue televisheni kubwa?"

Hapana, mama. Mbuzi wabaki zizini.

Televisheni ya inchi 55 utaiweka sebuleni, na sebule yako, kwa jinsi ulivyoieleza, ina makochi mawili na kabati. Mtoto wa miaka kumi na miwili hafuati kioo tu kule barabarani. Anafuata giza, kelele, wenzake wa rika lake wanaoruka kwa pamoja bao likiingia, na picha iliyo kubwa kuliko yeye mwenyewe. Televisheni haitampa hayo. Ukimwambia akae kimya kwenye kochi na wadogo zake, atakaa wiki mbili, ya tatu ataruka dirisha tena. Lakini wewe una kitu ambacho mwenye kibanda hana: una ua mpana nyuma ya nyumba, umefagiwa, na jioni ni giza totoro. Pale ndipo pa kuweka sinema.

Sinema ya nje si jambo geni upande wenu. Ukitoka Sindeni ukafika Korogwe na kuinua macho kwenye Milima ya Usambara, huko juu kuna Vugiri. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukiongozwa na Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha ambazo sehemu kubwa zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu zipatazo 35: za minyoo ya safura, za kilimo, za mifugo, za kuweka akiba posta. Kisha wakapakia mashine na jenereta kwenye lori, wakazunguka nazo Tanganyika na nchi za jirani, wakitundika skrini mahali pa wazi na watu kukaa chini kutazama. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilikuwa kwenye santuri, ikipigwa pembeni, ili picha ileile iweze kuzungumza lugha tofauti kila ilipofika.

Na baada ya hapo lilikuja gari la sinema la serikali, ambalo wazee wengi wanalikumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, yuleyule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Kama kuna babu hapo jirani aliyekuwa mtoto enzi za magari hayo, mwite usiku wa kwanza. Atakuwa na mengi ya kusema, na hutamnyamazisha.

Ninataja Vugiri kwa sababu moja. Wale waliokuja na lori ndio waliochagua watu watazame nini. Kibandani ni vivyo hivyo: mwenye mashine anachagua, mtoto wako anameza. Mama wa Sindeni haombi mwanawe asitazame filamu kabisa. Anataka kuwa yeye ndiye mwenye mashine.

Sasa tushike nyundo. Na tuanze na skrini, kwa kuwa ndiyo rahisi, na watu wengi huanza na projekta wakaishia kuimulika kwenye ukuta wa matope.

Kwanza tazama ukuta. Kama nyumba yako ina upande uliopigwa lipu laini na usio na dirisha, paka chokaa nyeupe mara mbili, subiri ikauke, kazi imekwisha. Ukuta haupeperuki, haukunjiki, wala hauibiwi. Mkwaruzo mdogo hauonekani picha ikianza kutembea, ila mashimo na nyufa zitaonekana, kwa hiyo ziba kwanza. Mimi ningekuwa na ukuta wa namna hiyo nisingehangaika na kitambaa hata kidogo.

Kama huna, basi kitambaa. Shuka jeupe la kitanda cha sita kwa sita linatosha bila kuungwa. Likiwa zito ni bora zaidi. Bafta ni nyepesi mno, mwanga unapita, na watoto watahamia nyuma kutazama maandishi kinyumenyume. Marekani inafaa ukiipata nyeupe. (Kitambaa hicho kinaitwa hivyo kwa sababu karne ya 19 kilikuwa kikiletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, kutoka viwanda vya huko Massachusetts. Leo utatazamia filamu za Marekani kwenye marekani.) Kipo kitu kingine kizuri ambacho watu hawakifikirii: mabango ya plastiki ya matangazo, ya harusi na ya kampeni. Mbele kuna sura ya mtu, lakini mengi yana mgongo mweupe usiong'aa. Uliza kwa wanaochapisha mabango Korogwe au Handeni mjini. Yaliyoharibika uchapaji hawana kazi nayo. Geuza mgongo mbele, mheshimiwa atazame kichaka.

Jambo moja dogo la nyumbani. Kama mama mkwe anaishi nawe, mweleze mapema. Kitambaa cheupe kirefu kikining'inia uani magharibi kinamkumbusha mtu mzima sanda, na si ajabu akakataa kabisa. Dawa ni kukishonea ukingo mpana mweusi pande zote nne. Ukingo huo una kazi yake nyingine pia: picha huonekana kali zaidi ikizungukwa na weusi, na ukikosea kidogo kuilenga, ziada inamezwa na ule weusi. Nyuma tundika buibui kuukuu au blanketi jeusi ili mwanga usipenye.

Vipimo. Picha za siku hizi ni pana: kwa kila sehemu 16 za upana, kimo ni sehemu 9. Chukua upana wa mita 2.4, kimo chake kitakuwa mita 1.35. Kwa watoto kumi na tano wanaokaa jamvini hiyo inatosha na kubaki. Usitamani kubwa zaidi mwanzoni, na nitaeleza sababu nikifika kwenye projekta. Ukingo wa chini uwe mita moja kutoka ardhini, la sivyo vichwa vya mstari wa mbele vitakuwa sehemu ya filamu.

Fremu ni miti miwili ya kusimama na miwili ya kulala. Mikaratusi myembamba iliyonyooka inafaa, mianzi pia. Na ninyi mko kwenye nchi ya mkonge: mlingoti wa mkonge uliokauka ni mwepesi kiasi kwamba mtoto anaubeba begani, na kwa miti ya kulala hakuna bora kuliko huo. Kwa ile ya kusimama tumia mti mzito, chimba shimo la nusu mita, shindilia mawe. Mwenye kutaka kuihamisha anaweza kusimika miti kwenye ndoo kubwa za rangi zilizojazwa zege. Halafu kamba za katani mbili kila upande, zikivutwa kwenye mambo za chini kama hema. Funga kitambaa cheupe au chupa tupu katikati ya kila kamba. Giza likiingia, watoto hukimbia bila kuangalia chini.

Adui wa skrini ni upepo. Shuka la mita zaidi ya tatu za mraba likishika upepo ni tanga la jahazi. Usilifunge kwa kamba ngumu moja kwa moja kwenye mti, litapasuka pembeni au litang'oa nguzo. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vya urefu wa kiganja, funga kipande kimoja kila baada ya sentimita 30, kitambaa upande mmoja, mti upande wa pili. Upepo ukija mpira unaachia kidogo, ukipita unarudisha. Skrini inabaki imekazwa kama ngoma na makunyanzi yanatoweka. Kama nguzo zinaanza kuyumba kabisa, shusha. Filamu haina haraka.

Projekta ndiyo ghali, kwa hiyo iwe ya mwisho kununuliwa, na kama inawezekana isinunuliwe kwanza. Wapiga video za harusi wanazo na hukodisha. Shule nyingine, misikiti na makanisa wanazo pia. Azima au kodi Jumamosi mbili tatu, uone kama watoto wamependa na kama wewe mwenyewe una ari ya kutundika na kutundua. Zikipita hizo na bado mwanao anakuuliza Jumatano "Jumamosi tunaonyesha nini?", hapo ndipo ufikirie mbuzi, na huenda mmoja akatosha.

Ukienda dukani, usiamini namba kubwa kwenye boksi. Mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni, na boksi la mashine ndogo litakuambia maelfu. Tafuta maneno "ANSI lumen" kwenye boksi au karatasi ya maelezo. Hicho ndicho kipimo chenye utaratibu. Mashine yenye ANSI 300 za kweli, kwenye giza la kijijini na skrini ya mita 2.4, inatoa picha ya kupendeza. Mashine hiyohiyo ukiitandazia kwenye upana wa mita 4.8, eneo linakuwa mara nne na mwanga uleule unagawanywa mara nne. Picha inafifia, sura za watu weusi hazionekani tena. Ndiyo maana nilisema usitamani kubwa. Mwambie muuzaji azime taa za duka na awashe filamu yenye mandhari ya usiku. Asipokubali, nenda duka linalofuata.

Kuna wazazi mmeniuliza kuhusu ile projekta ya boksi la viatu, lenzi ya kukuzia na simu. Inafanya kazi, lakini ndani ya chumba chenye giza kamili, picha ikiwa ndogo kama daftari na hafifu. Tena inatoka kichwa chini, kwa sababu lenzi huvusha miale ya juu kwenda chini na ya chini kwenda juu, hivyo inabidi simu igeuzwe. Ni somo zuri la sayansi la siku ya mvua, fanyeni. Kwa uani haifai.

Projekta nyingi ndogo huhitaji kukaa mita tatu hadi nne kutoka kwenye skrini ya ukubwa tuliosema. Iweke juu ya meza au stuli, ilingane na skrini, isielekezwe juu kwa kuwekewa jiwe chini ya pua. Ukifanya hivyo picha inakuwa pana juu na nyembamba chini. Weka viti vya watu wazima kuizunguka ili mtoto asikatize mbele yake na asichungulie kwenye lenzi. Ule mwanga si wa kutazamwa macho kwa macho.

Umeme usiwatishe. Projekta ndogo na spika kwa pamoja hula wati 80 hivi. Saa mbili ni sehemu ndogo ya uniti moja, haifiki shilingi mia ya LUKU. Nyumba isiyo na umeme inaweza kutumia betri ya sola: betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, tumia nusu yake tu ili isife mapema, ondoa kidogo kinacholiwa na inveta, unabaki na karibu saa tatu. Filamu moja na maongezi. Waya wa ekstensheni usilale kwenye majani, umande huanza kushuka mapema. Upitishe juu ya miti, na maungio yake yakae ndani ya ndoo iliyogeuzwa.

Sauti. Spika ndogo ya projekta yenyewe haifai nje, inapotea hewani. Sabufa ya sebuleni inatosha sana, iweke chini ya skrini ili sauti itoke inapotoka picha. Tumia waya; bila waya mara nyingi sauti huchelewa nyuma ya midomo, na watoto wanaona haraka kuliko sisi. Kiwango chake? Nenda kasimame mlangoni kwa jirani wa pili. Ukisikia maneno, punguza mpaka usikie mvumo tu. Na pangeni saa vizuri na msikiti. Kwetu huku jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na kufikia saa moja na robo giza limeshakamilika, miezi mingi ya mwaka. Wengine wataanza hapo na kusimamisha kwa ajili ya isha. Mimi naona afadhali watu waswali kwanza, muanze saa mbili, mmalize kabla ya saa nne, na watoto wadogo watakaosinzia wasinzie pale pale mkekani.

Sasa kuna lile ambalo mama huyu hakuuliza, na ndilo gumu: utaonyesha nini? Ukianza na katuni za wadogo, yule wa darasa la sita atakupa heshima yake kwa dakika kumi kisha ataondoka. Anza na alichokuwa anakifuata. Kama una kisimbuzi chenye ligi, unganisha kisimbuzi kwenye projekta, mwanzo mwema ni mechi. Tukijaliwa, kuna AFCON ya 2027 ambayo Tanzania, Kenya na Uganda tulipewa kuiandaa pamoja. Hiyo peke yake inatosha kuchimba mashimo ya nguzo. Wadogo wapewe zamu yao kabla giza halijachukua wote: Akili and Me kwa walio chini ya miaka sita, Ubongo Kids kwa wa shule ya msingi, zote kazi za Watanzania na zote Kiswahili. Filamu ndefu uitazame wewe kwanza, yote, hata kama ni kwa simu jikoni ukisubiri maharage yaive. Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa umri, lakini flashi inayopita mkono kwa mkono haina lebo yoyote.

Na lugha? Hapa ndipo kibanda kinapotushinda, tukubali. Tangu enzi za Lufufu hapa kwetu, na DJ Afro kule Kenya, mtoto amezoea filamu yenye msimuliaji anayemtania jambazi na kumpa jina la mtaani. Ukimwekea Kiingereza kitupu atachoka. Basi mpe kipaza sauti. Ndiyo, yeye. Yuko darasa la sita, Kiingereza anakijua nusu, nusu nyingine atabuni, na hakuna atakayemshtaki. Bibi akitaka, kuna mtu atamgeuzia na Kizigua. Nimeona uani kwa watu mtoto mkimya akisimulia filamu nzima akiwa amesimama, na dada zake wakimzomea kila akikosea. Mfanye pia ndiye fundi: yeye anafunga mipira ya tyubu, yeye anapima kwa rula, yeye anaweka flashi. Mtu haruki dirisha kutoroka mtambo ambao funguo zake anazo yeye.

Kuna wakati filamu itasimama penyewe. Mtu anapigwa bila kosa, msichana anadanganywa na mtu mwenye gari, baba anarudi amelewa. Kibandani mambo hayo yanapita kwa vicheko. Uani unaweza kubonyeza pale, ukauliza swali moja, "Hivi huyu angefanyaje?", kisha ukanyamaza. Swali moja tu kwa filamu moja. Ukiuliza matano umegeuza sinema kuwa darasa, na wenye miaka kumi na miwili wanalinusa darasa kutoka mbali.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba, masika ikiwa imekwisha na likizo ya Juni ikiwa ndani yake. Vuli ikianza utakutana na kumbikumbi. Wakiona mwanga watakuja kwa maelfu, skrini itakuwa nyeusi inayotembea, na watoto watasahau filamu watafute bakuli. Siku hiyo acheni waokote, kaangeni, sinema iahirishwe. Kwa wadudu wa kawaida, washa taa moja mbali, upande wa zizi, iwavute huko. Mbu ni jambo zito zaidi. Chandarua kiko kitandani na ninyi mko nje, na mbu wa malaria hawasubiri mtu alale. Mikono mirefu, suruali ndefu, soksi, dawa ya kupaka, na aliye na homa asibebwe kuletwa nje. Kabla ya kutandika jamvi fagia, nyasi za pembeni zifyekwe, na mwagia maji kidogo. Vumbi letu jekundu likiingia kwenye feni ya projekta, umri wake unapungua nusu.

Halafu watakuja majirani. Hutawaalika na watakuja, mwanga mweupe usiku unaonekana mbali. Wiki ya kwanza watano, ya tatu ishirini na watano. Mtu atakushauri utoze mia mia upate hela ya umeme. Usitoze. Ukitoza umefungua ukumbi wa maonyesho, na huo una sheria yake tangu mwaka 1976, una vibali, una haki za wenye filamu. Zaidi ya hapo, mtu aliyelipa ana haki ya kudai filamu anayoitaka, na hapo umerudi kulekule barabarani. Anayetaka kuchangia alete karanga, au jamvi.

Wageni wakubwa wasiojulikana wakae nyuma, mahali unapowaona. Watoto wote mbele, kwenye jamvi, wa kike na wa kiume, wakipata mwanga wa skrini usoni. Mtu mzima mmoja kazi yake isiwe kutazama filamu, iwe kutazama watoto: nani amekwenda chooni, amekwenda na nani, amerudi. Waambie akina mama wenzako waziwazi kwamba mtoto asiyeagwa kwao hakai. Andika majina kwenye daftari kama ni lazima. Giza lile linaloifanya picha ing'ae ndilo hilohilo linaloficha mengine, na nyumba yako ndiyo itakayoulizwa.

Filamu ikiisha usizime kila kitu kwa mpigo. Washa taa ya nje kwanza, ndipo uzime projekta, uiache feni yake izunguke mpaka ipoe. Hesabu watoto. Waliosinzia waamshwe wakae kitako kidogo kabla ya kusimama. Shuka litunduliwe usiku uleule, lisilale na umande likaota ukungu. Likunjwe likiwa kavu, mipira ya tyubu ikibaki imefungwa upande wa kitambaa ili Jumamosi ijayo iwe kazi ya dakika kumi. Watoto wa mbali wasindikizwe na watu wazima wawili kwa kundi, mlango kwa mlango, mpaka mama wa kila mmoja aitike kutoka ndani. Mwanao wa darasa la sita mpe tochi, atangulie.